Hesabu Imo Kwenye Kitoweo

Mtu akiamua kupunguza mwili, wa kwanza kushtakiwa ni ugali. Sahani iliyokuwa na mlima inabaki na matonge mawili matatu, na kila mgeni anasimuliwa habari za kilo tatu zilizoondoka wiki ya kwanza. Mkute mtu huyohuyo wiki ya tano: kilo mbili zimesharudi, saa tisa alasiri anasinzia kazini, na usiku wa manane anasikika jikoni akifunua sufuria. Ugali aliupunguza kweli. Asichokigusa ni kile kilichokuwa pembeni ya ugali.

Hicho cha pembeni ndicho ninachotaka kukitazama hapa, yaani kitoweo, ambacho wengi wetu huita mboga hata kikiwa nyama. Wanaofuatilia mlo wao kwa simu siku hizi wanawekewa tarakimu tatu mstari mmoja: kalori, protini na sodiamu. Zimepangwa kama watoto wa shule waliovaa sare, na mwenye simu anadhani kazi yake ni kuhakikisha zote zinawaka kijani. Tabia zao hazifanani hata kidogo. Kalori ni posho ya siku; ukiizidisha leo unaweza kuifidia kesho. Protini ni sakafu ambayo hupaswi kushuka chini yake. Sodiamu ni dari. Na katika majiko yetu zote tatu zinakutana ndani ya sufuria moja, ile ndogo.

Tuanze na posho, maana ndiyo inayotangulia kwenye kila simu. Hesabu ya kalori tunayoitumia tulirithi kwa Wilbur Atwater, mkemia wa chuo cha Wesleyan kule Connecticut, Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 yeye na wenzake walimfungia binadamu ndani ya chumba kilichoundwa maalumu wakapima joto lililomtoka mwilini. Kazi yake ndiyo iliyotupa kanuni inayotumika mpaka leo kwenye maandishi ya pakiti: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. (Kwa haki tungesema kilokalori, ila midomo ya watu ilishaikata hiyo kilo zamani.) Mwaka 1918 daktari wa California, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha wanawake wa Marekani kukiona chakula kwa kalori badala ya kwa vipande, na tangu hapo hesabu ikatoka maabara ikaingia mezani. Programu kama MyFitnessPal, iliyoanza mwaka 2005, zimeihamishia mfukoni tu.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa kufikirika: miaka 38, kilo 80, urefu sentimita 162, anashinda dukani akiwa amekaa. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo programu nyingi huitumia, inampa kalori 1,460 hivi za kuishi tu, kupumua na moyo kupiga. Ongeza mizunguko yake ya kawaida na anafika karibu 2,050. Akitaka kupungua bila kujitesa anaweza kula 1,600, akiacha pengo la 450. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takribani kalori 7,700, hesabu ya karatasi inamwahidi kilo moja kila siku 17. Hesabu hiyo asili yake ni makala ya daktari Max Wishnofsky ya mwaka 1958, na ina kasoro ambayo Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliieleza vizuri mwaka 2011: mwili unapopungua, matumizi yake nayo yanapungua. Pikipiki hainywi mafuta kama lori. Kwa hiyo miezi inavyosonga pengo la 450 linajifunga lenyewe polepole, hata kama sahani haikubadilika, na mtu anadhani amerogwa.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia mazoezi. Saa ya mkononi inamwambia amechoma kalori 400, simu inamwongezea 400 kwenye posho, naye anazila kwa moyo mweupe. Jibu la jambo hili lilitoka kwetu wenyewe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya matumizi ya nishati ya Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyoitumia kwa siku haikutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokwenda kazini kwa gari. Mwili una namna ya kubana matumizi upande mmoja unapotumia sana upande mwingine. Tembea kwa ajili ya moyo, misuli na usingizi mzuri; hizo kalori za saa usizile.

Sasa sakafu. Kiwango cha protini kinachotajwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu anayepungua anahitaji zaidi, na wataalamu wengi wa lishe humwekea kati ya 1.2 na 1.6, kwa sababu mwili uliopungukiwa nishati hauchagui: unakula mafuta na unakula misuli pia. Protini hupunguza wizi huo. Tena hushibisha kuliko wanga, na kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake hutumika katika kuisaga tu. Tukihesabu kwa uzito ambao mama yule anaulenga, tuseme kilo 70, sakafu yake ni kama gramu 85.

Tazama kinachotokea. Posho imeshuka, sakafu imepanda. Alipokuwa anakula kalori 2,050 na protini gramu 60, protini ilichukua asilimia 12 ya chakula chake. Kwenye kalori 1,600, gramu 85 ni asilimia 21. Unga wa mahindi una kalori 360 na protini gramu 8 hivi kwa kila gramu 100. Hata angekula ugali mtupu mpaka posho yote iishe angeambulia gramu 36, na protini yenyewe ya mahindi ina upungufu wa lisini, ile sehemu ambayo maharage ndiyo huijazia. Kupunguza ugali bila kuongeza kitoweo ni kushusha kalori na protini kwa pamoja. Yule wa wiki ya tano alifanya hivyo hasa, na usiku mwili ukamwamsha kudai haki yake.

Kwa hiyo protini inanunuliwa, na sarafu ya kuinunulia ni kalori. Ukiitazama hivyo bei za vitu zinabadilika. Karanga zinasifiwa kila mahali kwa protini, na kweli gramu 100 zina gramu 26, lakini unazilipia kalori karibu 570, maana nusu ya karanga ni mafuta. Protini hiyohiyo kwa mayai, yaani mayai manne na kidogo, ni kalori kama 300. Kwa maharage yaliyochemshwa ni gramu 300, kalori 380, ila unapewa na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu. Dagaa wakavu wanawashinda wote: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo gramu 45, viganja viwili hivi, zinatosha kwa kalori 150 au pungufu. Huwa nashangaa nikiona mtu anaagiza makopo ya unga wa protini kutoka ng'ambo na huku Mwanza na Kigoma zipo. Mchanga wa dagaa ni kero, nakubali. Kuna namna ya kuwaosha.

Hapa ndipo dari inapoanza kugusa kichwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko cha chai kisichojaa. Kwa wastani binadamu wa leo anakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Ushauri wa kawaida kutoka nchi za Magharibi ni kuacha vyakula vya viwandani, kwa sababu kule chumvi nyingi inaingia mwilini ikiwa imeshatiwa kiwandani. Kwetu sehemu kubwa bado inatoka mkononi mwa mpishi, na mkono huo una mantiki yake.

Ugali hautiwi chumvi. Ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba hatulisemi. Lakini lina matokeo: kitoweo kinakolezwa kwa ajili ya viwili, chenyewe na ugali. Mchuzi ukiuonja peke yake na kijiko unaona umezidi. Ukichovya tonge unaona uko sawasawa. Karne za mapishi zimeupanga uwiano huo, kitoweo kidogo chenye chumvi nyingi kusindikiza ugali mwingi usio na chumvi. Mwenye kupungua anakuja kuupindua: ugali kidogo, kitoweo kingi. Chumvi ya sufuria inabaki ileile kwa kila kijiko, ila vijiko vimeongezeka maradufu.

Nimeipigia hesabu siku mbili za yule mama. Siku ya kwanza amejibana kwa mazoea: asubuhi chai ya vijiko viwili vya sukari na chapati moja, mchana wali gramu 300 na bakuli dogo la maharage, usiku ugali wa gramu 150 za unga, mchicha, na dagaa kiganja kimoja cha kukaanga. Kwa makadirio yangu ni kalori 1,750, protini gramu 52, sodiamu kama 2,400. Posho imepita kidogo, sakafu imetoboka, dari imepitwa. Siku ya pili amesikiliza ushauri: asubuhi mayai mawili na kipande cha kiazi kitamu, mchana wali umepungua nusu na maharage yamekuwa mara mbili, jioni bakuli la mtindi, usiku ugali wa gramu 80 za unga, dagaa viganja viwili, mchicha, mafuta yamepimwa kwa kijiko. Kalori 1,640, protini 85. Safi kabisa, simu inawaka kijani. Sodiamu imepanda hadi 3,700, na hakuna aliyeongeza hata punje kwenye sufuria.

Siku hiyo ya pili ndiyo inayowapata watu makini, wale wanaofuata maelekezo. Dawa yake haiko kwenye sahani, iko kwenye mapishi: kitoweo kinacholiwa kingi lazima kipikwe kwa chumvi nusu. Mayai, mtindi, dagaa na mchicha vina sodiamu yao ya asili, kama miligramu 450 kwa jumla, hivyo mama anabakiwa na gramu nne za chumvi za kugawa siku nzima. Akipunguza kwenye maharage na dagaa kwa nusu, akaacha kutia chumvi kwenye wali, na kidonge cha mchuzi akakiweka kando, anashuka hadi 1,700 hivi. Wali ni kesi ngumu zaidi ya ugali. Pwani wali wa nazi una chumvi, pilau ina chumvi, na mchuzi unaokuja juu yake una chumvi yake; pande zote mbili zimekolezwa. Ila jiko la pwani lina silaha ambayo bara wengi hatuitumii sana, nayo ni uchachu. Ndimu, ukwaju na embe bichi vinaufanya ulimi usidai chumvi kwa ukali uleule.

Nimekitaja kidonge cha mchuzi, na nisipite haraka. Hivi vidonge na unga wa kukolezea vimeingia kwenye karibu kila jiko, na kwa kawaida nusu au zaidi ya uzito wao ni chumvi. Kidonge cha gramu nne kinaweza kubeba karibu miligramu 900 za sodiamu. Mpishi anakitia kama kiungo, halafu anatia na chumvi yake ya siku zote, kwa kuwa kichwani mwake hicho si chumvi.

Kiungo kingine kisichohesabiwa na programu yoyote niliyowahi kuifungua ni magadi. Tunayatia kwenye maharage magumu yaive upesi, kwenye kisamvu, kwenye mlenda uvutike. Magadi ya asili, yale ya maziwa ya Natron na Magadi, ni chumvichumvi za sodiamu, na karibu theluthi moja ya uzito wake ni sodiamu yenyewe. Soda ya kuokea, inayotumika kwa kazi hiyohiyo, ina zaidi ya miligramu 1,200 kwa kijiko cha chai. Mtu anaweza kuapa kwamba maharage yake hayana chumvi na akawa mkweli, na bado sodiamu imo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji kunaondoa haja ya magadi, na kunaokoa mkaa.

Kisha kuna samaki wakavu. Dagaa wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa juani tu, lakini dagaa wa Zanzibar wanaopelekwa Kongo huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo waanikwe. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tangu ngozi hadi mfupa. Kwenye simu vyote vinaweza kutokea kwa jina moja, samaki mkavu, na tarakimu moja. Ukionja utajua tofauti kabla ya mashine yoyote, na kuwaloweka na kumwaga maji mara mbili kunapunguza sehemu nzuri ya chumvi hiyo.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya wazee wenye presha tu, kuna utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1990 ambao unastahili kujulikana zaidi ya unavyojulikana. Neil Poulter na wenzake walifuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika miezi michache tu baada ya kufika mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu ya la wenzao. Mkojo wao ulionesha kwamba uwiano wa sodiamu kwa potasiamu umepanda, na uzito nao ulikuwa juu. Vitu hivyo vilisafiri pamoja. Mtu anahama kutoka kwenye viazi vitamu, majani na matunda, ambavyo vina potasiamu kwa wingi, anahamia kwenye mkate, chipsi na mchuzi wa kibandani. Potasiamu husaidia figo kuisukuma sodiamu nje, kwa hiyo ndizi za kupika, maharage, mchicha na parachichi zina kazi katika hesabu hii ambayo mstari wa sodiamu peke yake hauioneshi.

Sodiamu ina ubaya mwingine kwa anayepungua, na huu unaumiza moyo kuliko mishipa: inamdanganya mbele ya mizani. Fikiria dripu ya chumvi ya hospitali. Kila lita moja ina gramu 9 za chumvi, kwa sababu uwiano huo unakaribiana na wa maji ya mwili. Mwili nao ukipewa chumvi ya ziada huishikia maji mpaka figo ziitoe. Gramu nne au tano za ziada, kiasi kinachopatikana harusini bila jitihada, zinaweza kuzuia karibu nusu lita ya maji. Ongeza na chakula chenyewe kilichoko tumboni, na Jumatatu asubuhi mtu amezidi kilo nzima. Kunenepa kilo moja ya mafuta kungemtaka ale kalori 7,700 juu ya matumizi yake, sawa na sahani nyingi mno za pilau kwa mtu mmoja na usiku mmoja.

Udanganyifu huo hufanya kazi upande wa pili pia. Zile kilo tatu za wiki ya kwanza alizosimuliwa mgeni zilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Mwili huhifadhi akiba ya wanga ndani ya misuli na ini, gramu mia kadhaa, na kila gramu hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla akiba inatumika na maji yake yanakwenda. Kilo hizo huondoka haraka na hurudi haraka, siku ya sahani ya kwanza ya wali. Wanawake wana mzunguko wao wa mwezi unaoongeza maji kwa siku zake. Kwa sababu hizi zote anayejipima kila siku achukue wastani wa wiki na kuulinganisha na wastani wa wiki iliyopita. Kipimo cha asubuhi moja hakina maana, na nimeona watu wakiacha mpango mzuri kwa sababu ya ng'onda wa jana.

Kuhusu kuandika kwenyewe. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake huko New York waliwapima watu waliodai kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Miili yao haikuwa na hitilafu yoyote. Kwa wastani walikuwa wanaandika karibu nusu tu ya walichokula, asilimia 47 ilikuwa imepotea kwenye daftari. Siamini kwamba walikuwa waongo. Chakula kina njia za kupita bila kuonekana, na kwetu njia kuu ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na hakuna anayemimina kijiko. Tunainamisha dumu na kuhesabu kwa macho. Chapati mbili zinaweza kutofautiana kalori 100 kwa sababu ya mafuta tu, na simu itaziita zote chapati. Tui zito ni vilevile, linapita likiwa limevaa jina la wali.

Njia ninayoiona inafaa ni kupima vikiwa vibichi. Ugali mgumu wa Musoma na ugali laini wa mgonjwa vinaweza kutoka kwenye unga uleule; tofauti yao ni maji. Kwa hiyo pima unga, pima mchele, pima maharage makavu na mafuta, kisha gawa kwa idadi ya walaji. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchagua mstari wa mchele mkavu kwa wali uliopikwa, au kinyume chake: gramu 100 za mchele mkavu ni kalori 360, za wali ni 130. Panapoliwa sinia moja, mikono minne ndani, makadirio yanabaki kuwa makadirio, na ni afadhali kukubali hivyo kuliko kujitenga na watu kwa ajili ya tarakimu. Tanzania ina majedwali yake ya virutubisho vya vyakula tangu mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya ilitoa yake mwaka 2018 kwa ushirikiano na FAO. Ukilinganisha namba za simu yako na hizo utakamata makosa mengi yaliyoingizwa na watumiaji wengine wa programu. Kwenye pakiti angalia kama imeandikwa sodiamu au chumvi, maana chumvi ni sodiamu mara mbili na nusu, na kama nishati imeandikwa kwa kilojuli, gawa kwa 4.2.

Sodiamu sidhani kama inafaa kuandikwa kila mlo. Kalori na protini zinaweza kupimwa. Chumvi ya mpishi mwingine haipimiki, na anayeijaza kwa kukisia anajifariji. Nionavyo mimi, njia nyepesi ni kuihesabu kwa mwezi: nyumba ya watu wazima wanne ingepaswa kumaliza gramu 600 za chumvi kwa siku 30 ikiwa hakuna kingine chenye sodiamu kinachoingia. Pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya wiki mbili, jibu umeshalipata. Na hiyo inayobaki iwe na madini joto, kwa sababu chumvi ndiyo inayotubebea ayodini.

Wapo wasiopaswa kucheza na namba hizi peke yao. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuumizwa na protini nyingi, na chumvi zile zenye potasiamu, ambazo China mwaka 2021 zilionesha kupunguza kiharusi kwa asilimia 14 katika utafiti wa vijiji 600, kwake ni hatari. Anayemeza dawa za presha akipungua na kupunguza chumvi kwa pamoja anaweza kuishiwa nguvu akisimama; dawa inahitaji kuangaliwa upya na daktari. Mjamzito asihesabu upungufu wa kalori. Na anayeona kwamba daftari limeanza kumtawala, anaogopa kula asichoweza kukipima, aliweke daftari chini.

Linabaki tatizo ambalo programu hailijui kabisa, kwamba sufuria ni ya nyumba nzima. Anayepungua ni mmoja; watoto wanataka mchuzi wao, baba anauliza kama chumvi imekuwa adimu dukani, na bibi akionja anasema chakula kimepooza kama cha hospitali. Ulimi hujifunza, lakini huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya mchuzi wa zamani kuonekana mkali. Mama mmoja ninayemfahamu amelimaliza jambo hili bila mkutano. Maharage yakiiva, anapakua kwanza bakuli lake, anakamulia ndimu, anakatia pilipili. Kisha ndipo anatia chumvi kwenye sufuria, anakoroga, na kuita watu waje wale.